Mkalimani wa Sib na Mlango wa Baharini

Mtaani kwetu Sib, pwani ya Omani, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mkalimani, basi, na ukiuliza "Mkalimani yupi?" umeshajulikana kuwa mgeni. Alistaafu zamani, lakini kazi yenyewe haikukubali kumwacha. Kwa miaka mingi alikaa katikati ya wafanyabiashara wa Amerika ya Kusini na wenyeji wao wa Maskati, akigeuza Kispanyola kuwa Kiarabu na Kiarabu kuwa Kispanyola, kisha jioni akarudi nyumbani kusema Kiswahili chake cha Unguja. Lugha ile ya mbali aliipata kwa sababu kazi ya marehemu mumewe iliwapeleka Chile, na baadaye Ajentina. Wake wengine wangekaa ndani wakihesabu siku za kurudi. Yeye hakuwa mwanamke wa kukaa nchi ya watu bila kujua anasemwaje.

Na kusemwa ndiyo ilikuwa elimu yake. "Ukitaka kumjua mtu," alikuwa akituambia, "muulize jirani yake, kisha utoe nusu." Alijua Mchile anamsemaje Mperu, Mperu anamsemaje Mchile, na wote wawili wanamsemaje Mwajentina, na kila mmoja alimwigiza kwa sauti yake na mabega yake. Ukifumba macho ungedhani sebule imejaa watu wanaogombana.

Mimi nilimwendea kwa sababu ya aibu. Nilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya Qurum, na siku hiyo waliingia mtu na mkewe, wazungu wazungu hivi, bwana amebana chupa ya maji ya moto kwapani na mkononi ana kibuyu kidogo chenye mrija wa chuma. Niliwahi kusikia kwamba Waajentina hunywa majani yanayoitwa mate namna hiyo. Basi nikajitia mjuzi, nikatabasamu mpaka masikioni, nikawakaribisha kama wageni wetu watukufu kutoka Ajentina. Bwana aliiweka kalamu mezani. Bibi akaliweka begi chini. Walikuwa watu wa Urugwai, na kwa siku zote walizokaa hawakunisalimu tena.

Jioni nilimsimulia bibi yangu, mama mzaa baba, niliyekuwa nikiishi naye. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akanyoosha kidevu kuelekea ukuta wa mbele. "Nenda kwa huyo," alisema. "Si ndiye anayejua mambo ya watu?" Hata "Mkalimani" hakusema, na sababu nitaieleza.

Darasa lilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, sebuleni kwa Mkalimani, madirisha yakitazama bahari. Hatukuwa wengi. Aliyedumu kuliko wote, ukiniondoa mimi, alikuwa bwana mmoja wa Bawshar aliyependa mpira kupita kiasi, na aliyetaka Kispanyola ili awaelewe watangazaji wakati wanapopandwa na wazimu wa goli. Siku yangu ya kwanza Mkalimani alinisikiliza kisa changu cha hoteli bila kucheka.

"Skiza, mwanangu. Unguja na Pemba unazijua?"

"Nazijua kwa kusikia, Bibi. Sisi watu wa Tabora."

"Nnajua. Basi Ajentina ndo Unguja. Wanajiona, wanajua kuvaa, na kila kitu duniani wamekianza wao. Urugwai ndo Pemba. Wachache, watulivu, na ukiwachanganya na wenzao hawakusamehe mpaka kaburini. Na Brazili ndo Bara kwenu huko: kubwa, ina watu chungu nzima, na haina hata habari kuwa sisi kutwa tunaisengenya."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutukanwa na kufundishwa jiografia kwa pamoja, na tangu siku ile sijamchanganya Mwurugwai na mtu.

Kazi ilimwachia tabia ambazo hakuzijua kuwa ni tabia. Akialikwa karamu alikula kwanza kwake, kwa sababu maisha yake yote alikaa kwenye meza za vinono akisema wakati wengine wanatafuna. Hakukaa katikati ya kochi. Alivuta kiti akakaa nyuma kidogo, baina ya watu wawili, hata wawili hao wakiwa wajukuu zake wanaogombea rimoti. Na akiwasuluhisha hakusema "huyu anasema hivi." Alisema, "Mimi nataka katuni. Mimi nilikuwa nayo kwanza." Ndiyo sheria ya ukalimani: ukisema kwa niaba ya mtu, wewe ndiye yeye, "mimi" yake ni "mimi" yako, huongezi wala hupunguzi. Wajukuu walibaki wakimtazama bibi mzima akililia katuni, na ugomvi ukawatoka wenyewe.

Sheria hiyo ndiyo aliyoifanya kanuni ya darasa. Kila Jumamosi tuligawana nchi mbili jirani zenye mzozo, na kila mmoja alipewa ile asiyoipenda, aisemee kwa "mimi" mpaka mwisho, na kucheka marufuku. Mpenzi wa mpira, ambaye chumbani kwake hakuna rangi ila ya Brazili, alilazimika kuwa Ajentina. Alitoka jasho. Mimi nilikuwa Peru nikidai kwamba samaki mbichi wa kuivishwa kwa ndimu ni wangu, na yeye akawa Chile akidai ni wake, na Mkalimani akasema angekuwa mwamuzi angewauliza samaki.

Lakini alikuwa na mambo yake, msidhani. Mwanamke huyohuyo aliyewacheka Waperu na Wachile kwa kugombea ndimu alinuna siku mbili alipopita Bawshar akaona mkahawa unauza urojo wa Unguja uliopikwa na mtu wa Mombasa. "Wametia nini mle?" aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za msiba. Aliamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba pilau inaishia bandarini Unguja, na kwamba sisi wa Bara tunachokipika ni wali uliopata ajali. Nilikuwa nikimpenda hata akisema hayo, maana aliyasema usoni.

Tatizo lilikuwa lile moja alilolisema kwa pembeni.

Nyumba yake ilikuwa mstari wa mbele, ufukweni. Yetu ilikuwa nyuma yake, tumegawana ukuta, na katika ukuta huo kulikuwa na mlango mdogo wa chuma. Ukiupita unakatiza hoshi yake, yaani uwanja wa nyumba, na kabla hujamaliza salamu miguu imo majini. Bila mlango huo, ni kutoka kwa gari mpaka barabara kubwa na kuzunguka, kwa sababu upande mmoja ni kuta za watu na upande wa pili ni bonde la wadi, mto wa maji ya mvua tu. Bibi yangu hakuwa na gari wala hakujua kuendesha. Alikuwa na magoti mabovu, daktari aliyemwambia atembee ndani ya maji, na mapenzi makubwa na bahari. "Nyinyi mmezaliwa nayo," alikuwa akisema. "Mimi nimeikuta mtu mzima. Siwezi kuizoea." Kila alasiri alipita mlango ule, akatembea majini hadi magotini, akarudi na viatu mkononi. Na kwa shukrani alimpelekea Mkalimani asali ya Tabora, ile inayokuja na jamaa kwenye chupa zilizofungwa kwa mifuko ya nailoni. Mkalimani aliila kwa kijiko kwa ajili ya koo lake, na hakuna asali nyingine aliyoiheshimu.

Sasa siku moja, kabla sijaanza darasa, Mkalimani alikuwa na wageni hoshini, mabibi wa familia kubwa za Unguja, wamekuja kwa kahawa. Bibi akatokea ufukweni, nguo inachuruzika maji. Mtu wa Tabora hawezi kuwapita watu kimyakimya, kwa hiyo alisimama pembeni ya mkeka, maji yakidondoka, akamsalimu kila mmoja kwa zamu: habari za nyumbani, za watoto, za afya, za kazi. Alipofika mlangoni alisikia mgeni mmoja akiuliza, "Nani huyu?" Na Mkalimani, kwa haya ya mkeka uliolowa, akajibu, "Huyo wa nyuma, mtu wa Bara. Hupita tu."

Bibi aliufunga mlango taratibu nyuma yake. Kesho yake hakupita. Siku chache baadaye Mkalimani, alipoona hapiti mtu, alitia kufuli. Tangu hapo ukimuuliza Mkalimani, alikuambia Bibi ndiye aliyeacha kuja. Ukimuuliza Bibi, alikuambia amesikia kwa masikio yake kufuli likilia. Asali ilikatwa. Na bibi yangu akawa anapanda juu ya paa kila alasiri, goti kwa goti, kutazama kipande cha bahari kinachoonekana baina ya matangi ya maji. Mimi nilimpeleka ufukweni Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, lakini maji ya siku moja hayakutosha. Msimu ule wa baridi alianza kuswali juu ya kiti, na siku ya kwanza nilipomwona hivyo nililia jikoni.

Hebu fikirini hali yangu. Ninalala nyuma ya ukuta wa mwalimu wangu, nasikia akikohoa, na kwenda darasani natia gari moto. Nilijaribu kuutaja mlango mara mbili, na mara mbili Mkalimani alinirudisha kwenye vitenzi.

Kulikuwa na mzozo mmoja tu wa kule ambao hakutufundisha. Mpenzi wa mpira alisikia mahali kwamba ipo nchi isiyo na bahari ila ina jeshi la majini, akawa haachi kuuliza. Mkalimani alitueleza kwa ufupi, macho yakiwa kwingine: kwamba Bolivia ilikuwa na pwani, ikaipoteza kwa Chile vitani zaidi ya miaka mia iliyopita, kwamba mkataba unairuhusu kupitisha mizigo yake kwenye bandari za Chile, lakini yenyewe inataka pwani, haitaki ruhusa, kwamba imekwenda hata mahakamani Ulaya ikashindwa, na bado kila mwaka ina siku yake ya kuikumbuka bahari, na wanamaji wake wanafanya mazoezi ziwani. Tena Bolivia ina gesi, na kuna wakati ilikataa kabisa kuiuzia Chile. Mpenzi wa mpira akasema hiyo ndiyo mechi. "Wiki ijayo," Mkalimani alisema, na wiki ikazaa wiki.

Nilimsimulia Bibi hayo usiku huo tukila. Aliweka tonge chini. "Wana gesi," alirudia, "wakaikataza." Akaitazama chupa ya asali, akamaliza kula.

Jumamosi iliyofuata alivaa abaya yake ya sikukuu, akaniambia nimzungushe kwa gari. Akaingia kwa Mkalimani kwa lango la mbele.

"Nimekuja kusoma," alisema.

Mkalimani alisimama. Mtu wa Unguja anaweza kukununia mwaka mzima, lakini hakuachi umesimama mlangoni. "Karibu, Bi Mkubwa. Mlango wazi."

"Huu wa mbele nimeuona," Bibi alisema, akakaa.

Mpenzi wa mpira, masikini, hakujua lolote. "Mwalimu, leo si ile ya bahari? Umetuahidi."

"Ipi ndiyo yenye bahari?" Bibi aliuliza.

"Chile, Bibi. Na Bolivia haina."

"Na kanuni ni kuchukua usiyoipenda? Basi nipeni Chile."

Mkalimani alitafuta wa kumpa Bolivia. Mimi nilitazama zulia. Mpenzi wa mpira akasema kwa moyo safi, "Mwalimu, si umekaa Chile ukaipenda? Kwa kanuni, Bolivia ni yako."

Bibi alinyoosha mgongo. Akaishusha miwani mpaka ncha ya pua, kama Mkalimani anavyofanya, na katika kinywa cha mtu wa Tabora kikatoka Kiunguja kilichokamilika.

"Mie? Mie sikumkataza mtu. Mlango upo pale pale. Anotaka kupita agonge, aombe, nikiwa na nafasi nitamfungulia. Lakini bahari iko mbele ya nyumba yangu, haiko mbele ya yake. Tena yeye wa milimani huko, bahari anaifanyia nini? Kazaliwa nayo?"

"Hivyo hivyo!" Mpenzi wa mpira alipiga paja. "Chile ndivyo wanavyosema!"

Mkalimani alijibu kwa sauti yake ya kazini, kavu, isiyo na mtu ndani. "Mimi ni Bolivia. Nilikuwa na pwani, sasa nna ruhusa ya kupita. Nnashukuru kwa ruhusa." Akashusha macho. Alikuwa akiyatazama magoti ya Bibi, jinsi alivyoyashika kwa mikono miwili. "Lakini ruhusa ni kitu cha mgeni, na mie si mgeni. Watu wananicheka kwa kuikumbuka bahari kila mwaka. Wanacheka kwa kuwa wao wanayo, wanaamka nayo, hata hawaitazami. Mie nnaitazama kwa mbali. Nnapanda juu na miguu yangu hii, nnaitazama baina ya matangi..."

Akakatika. Sikuwahi kumwona akikatika katikati ya sentensi. Bolivia haina matangi ya maji juu ya paa. Nyumba yetu ndiyo inayo.

"Kumbe unaniona," Bibi alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe.

"Nnakuona kila alasiri."

"Sasa nani kashinda?" mpenzi wa mpira aliuliza.

Mtadhani mlango ulifunguliwa siku ile. Anayedhani hivyo hajapata kuwa na jirani. Mkalimani alikubali Bibi apite, kuanzia alasiri mpaka magharibi, kwa kugonga. Bibi alisema hapiti kwa kugonga, anataka ufunguo. Majadiliano yalifanyika penye mlango wenyewe: kila mmoja ameweka kiti upande wake, wanasikiana barabara, na mimi nimepanda ngazi, kichwa juu ya ukuta, ninatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

"Bibi anasema anataka ufunguo," nilianza.

"Mkalimani hana bibi," mwalimu alinikemea kutoka chini. "Sema vizuri."

"Mimi nataka ufunguo," nikasema.

"Mie ufunguo sitoi. Hii nyumba si sokoni."

Nikaugeukia upande wa pili: "Mimi ufunguo sitoi. Hii nyumba si sokoni." Na Bibi alinitazama kwa hasira, kana kwamba maneno ni yangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu wangu alizeeka na koo bovu.

Tuliendelea hivyo mpaka jua likaanza kunichoma shingo. Mwisho Bibi alisema, polepole, "Mimi nina asali. Imekuja juzi."

Sikupata nafasi ya kutafsiri. "Ya maua gani?" Mkalimani alisema mwenyewe, moja kwa moja, kwa sauti ya kukwaruza.

"Ya miombo."

Kikohozi. Kisha nikasikia chuma kikiburuzwa juu ya saruji, na ufunguo ukatokea upande wetu chini ya mlango. Bibi aliinama kuuokota, magoti yake yakilia, na hakukubali nimsaidie.

Tangu siku ile Bibi hupita apendavyo, na husalimu wageni wote kwa zamu. Mara nyingi hata haendi peke yake. Utawaona wawili, nguo zimepandishwa, wanatembea majini na kubishana juu ya pilau. Kiti cha kuswalia bado kipo, lakini kuna siku amekiacha ukutani.

Mwaka huu Mkalimani alifanyiwa upasuaji wa koo, na daktari akampiga marufuku kusema kwa wiki kadhaa. Unaweza kumkataza samaki kuogelea? Nilirudi kutoka kazini nikapita mlango wa chuma, nikakuta hoshi imejaa waliokuja kumjulia hali. Mkalimani alikuwa kwenye kochi lililotolewa nje. Bibi yangu alikuwa amevuta kiti, amekaa nyuma yake kidogo, baina yake na wageni. Mkalimani ananong'ona, Bibi anatoa sauti.

"Mimi nimechoka na chai ya tangawizi," Bibi alikuwa akisema, uso mkavu. "Msiniletee tena. Na wewe, mimi nakuuliza, mwanao kaoa lini bila kunialika?"

Wageni walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Alikuwa yule bibi wa siku ile ya mkeka, naye hakumkumbuka bibi yangu hata kidogo. Alipofuta machozi aliuliza, "Na huyu mwenzio anayekusemea, nani huyu?"

Mkalimani alimvuta Bibi kwa mtandio, akamnong'oneza. Bibi, ambaye tangu nimefika hakuchelewesha neno, alimgeukia akamtazama. Mkalimani akamgonga goti kwa kidole. Mkalimani hachagui la kusema.

"Mimi nasema," Bibi alisema, "huyu ni wa hapa."

Mgeni akaitikia kwa kichwa. Mkalimani akanong'ona tena, na mara hii nilikuwa karibu, nikasikia: "Mie ndo nnayepita tu."

Tukamngoja Bibi. "Kasemaje?" mgeni aliuliza.

Bibi alichukua kijiko, akakichovya kwenye chupa ya asali, akamtia Mkalimani mdomoni.

"Hilo," alisema, "silitafsiri."